Pari ya mpira: hesabu za kisasa zinasaidia nini, na zinakomea wapi

Siku ya posho, kama Jumamosi inavyoitwa katika Katanga, kartie Naviundu haina tofauti na kartie zingine za Lubumbashi. Kabla mechi za Ulaya zianze, vijana wanasimama na simu mkononi, wanalinganisha kote, wanajaza tiketi. Zamani mabishano yalikuwa paka juu ya nani ana mshambuliaji mzuri. Leo kuna maneno mapya: xG, mashuti ndani ya boksi, asilimia za nyumbani na ugenini. Wengi wanaamini kwamba mtu anayejua hizo hesabu hawezi tena kupoteza makuta yake.

Hesabu hizo si uongo. Zinaonyesha mechi vizuri kuliko matokeo peke yake. Lakini kuna hesabu ingine, ndogo, ya kugawanya tu, ambayo wachezaji wengi wa pari hawajawahi kuifanya, na hiyo njo inaamua nani atarudi nyumbani na makuta. Makala hii inaeleza zote mbili.

Kote ni bei

Kampuni ikiandika kote 1.75 kwa ekipe ya nyumbani, mtu anayeweka franka 1000 atapata franka 1750 ikishinda: 1000 zake mwenyewe na 750 za faida. Hiyo kila mtu anaijua. Lakini kote inasema kitu kingine chini-chini: inasema ekipe hiyo inapaswa kushinda mara ngapi ili mchezaji asipoteze.

Gawanya 100 kwa kote. 100 kwa 1.75 ni karibu 57. Basi ekipe hiyo inapaswa kushinda mara 57 kati ya mechi 100 za namna hiyo. Ikishinda mara 60, mchezaji anapata faida. Ikishinda mara 54, anapoteza, hata kama kila wiki anaiona inashinda zaidi kuliko inavyoshindwa.

Sasa fanya vilevile kwa mechi nzima. Tuseme kampuni imeandika 1.75 kwa wenyeji, 3.60 kwa sare na 4.20 kwa wageni. Ukigawanya 100 kwa kila moja unapata 57.1, kisha 27.8, kisha 23.8. Ukijumlisha, ni 108.7.

Mechi haiwezi kuwa na zaidi ya 100 kwa 100. Ile 8.7 ya juu imetoka wapi? Hiyo njo mshahara wa kampuni. Ni kama kambisti wa pembeni ya barabara: dola ananunua kwa bei moja na kuuza kwa bei ingine, na chakula cha watoto wake kinatoka katikati ya hizo bei mbili. Kwa kote kama hizo, kati ya kila franka 1000 ambazo wachezaji wote wanaweka, karibu 920 zinawarudilia na 80 zinabaki. Kampuni haihitaji kujua nani atashinda. Inahitaji tu watu waendelee kucheza.

Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya tiketi halipaswi kuwa "nani atashinda?" Swali ni: "bei hii inafaa?" Ekipe nzuri inaweza kuwa na bei mbaya, na watu wengi wanapoteza makuta yao juu ya ekipe nzuri.

Mashuti na xG

Goli ni kitu adimu. Katika ligi kubwa za Ulaya, karibu shuti moja tu kati ya kumi linaingia. Njo maana ekipe inaweza kushambulia dakika zote 90 na kupoteza 1-0 kwa kosa moja. Matokeo ya mechi moja yana bahati nyingi ndani yake.

Mfano unaojulikana ni wa tarehe 22 Novemba 2022, kwenye Kombe la Dunia katika Qatar. Argentina ilipiga mashuti 15, Saudia 3 tu. Magoli matatu ya Argentina yalikataliwa juu ya kuotea. Saudia ikashinda 2-1. Mtu aliyeangalia paka matokeo alisema Argentina imekwisha. Aliyeangalia mashuti aliona ekipe iliyocheza vizuri na kukosa bahati. Tarehe 18 Desemba, Argentina ilibeba kombe.

Kuhesabu mashuti tu hakutoshi, juu shuti la mita 30 si sawa na shuti la mbele ya kipa. Hapo xG inaingia. Ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya magoli yanayotarajiwa. Kila shuti linapewa namba kati ya 0 na 1, kwa kulilinganisha na maelfu ya mashuti mengine ya zamani: limepigwa kutoka umbali gani, kwa pembe gani, kwa mguu ao kwa kichwa, kutokana na pasi ya namna gani. Penalti inapata karibu 0.78, maana penalti karibu 78 kati ya 100 zinaingia. Shuti la mbali sana linaweza kupata 0.03. Mwisho wa mechi, namba za mashuti yote ya ekipe zinajumlishwa. Ekipe yenye xG 2.1 iliyofunga goli moja ilipata nafasi za magoli mawili hivi, lakini haikuzitumia ao kipa wa upande ule alikuwa na siku yake.

Wazo hili lilianza kusikika sana mwaka 2012, wakati Sam Green wa kampuni ya Opta ya Uingereza alipoeleza namna ya kulihesabu. Tangu 2017 kipindi cha mpira cha BBC, Match of the Day, kinaonyesha xG kwa watazamaji wa kawaida. Leo mtu mwenye simu na mega kidogo anaweza kuzisoma bure kwenye Understat, kwa ligi za Uingereza, Uhispania, Ujerumani, Italia, Ufaransa na Urusi.

Makosa manne yanayoharibu usomaji wa xG

La kwanza ni kuangalia mechi moja. xG ya mechi moja inaeleza mechi hiyo, haielezi ekipe. Angalau mechi kumi zinahitajika ili picha ianze kutulia, na hata hapo lazima kuangalia ilicheza na nani.

La pili ni penalti. Ekipe iliyopata penalti mbili ina 1.56 ya xG hata kama haikutengeneza nafasi ingine yoyote. Wanaohesabu vizuri wanaondoa penalti kwanza.

La tatu ni hali ya mchezo. Ekipe iliyofunga dakika ya 10 inaweza kurudi nyuma na kuacha wengine wapige mashuti. Mwisho wa mechi xG inaonyesha kama imezidiwa, kumbe ndivyo ilivyotaka. Kadi nyekundu nayo inavuruga kila kitu.

La ine ni kusahau upande wa ulinzi. Wengi wanasoma xG ya kushambulia tu. Ile ambayo ekipe inaruhusu wapinzani wapate ina uzito uleule.

Kuna pia faida ya nyumbani, ambayo watu wanaichukua kama sheria ya Mungu. Msimu wa 2020-2021, wakati viwanja vya Uingereza vilikuwa karibu vitupu juu ya Covid, wageni walishinda mechi 153 za Premier League na wenyeji 144. Nguvu ya nyumbani, sehemu kubwa, ni watu wanaopiga kelele na mwamuzi anayewasikia. Ekipe inayoitwa "ya nyumbani" lakini inacheza katika uwanja wa mji mwingine ao bila watu, hiyo si nyumbani ya kweli.

Kutoka xG kufika kote

Namna gani mtu anageuza xG kuwa bei? Njia ya kawaida inatumia hesabu ya Mfaransa Siméon Denis Poisson, ya mwaka 1837. Inaonyesha kitu kinachotokea mara chache, kama goli, kina uwezekano gani wa kutokea mara 0, mara 1, mara 2 na kuendelea, ukijua wastani wake. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa takwimu katika Uingereza, Mark Dixon na Stuart Coles, waliandika namna ya kuitumia kwa mpira na kwa pari. Sehemu kubwa ya yale yanayouzwa leo kama "programu ya siri" ni mtoto ao mjukuu wa hesabu hiyo.

Tuchukue mfano. Kufuatana na mechi zilizopita, wenyeji wanatarajiwa kufunga 1.6 na wageni 0.9. Hesabu ya Poisson inatoa hivi: wenyeji watashinda mara 54 kati ya 100, sare mara 25, wageni mara 21. Gawanya 100 kwa kila moja na unapata bei ya haki: 1.85 kwa wenyeji, 4.00 kwa sare, 4.76 kwa wageni.

Sasa rudia kote za juu: 1.75, 3.60 na 4.20. Kila moja iko chini ya bei ya haki. Franka 1000 kwa wenyeji zitarudisha wastani wa 945. Kwa sare, 900. Kwa wageni, 882. Upande wowote utakaochagua, unanunua dola kwa bei ya juu. Mechi umeielewa vizuri, hesabu umeifanya vizuri, na jibu sahihi ni kutocheza mechi hiyo.

Hapo njo ugumu wa jambo lote. Kampuni zinanunua hesabu hizohizo, tena zenye ubora zaidi, na zinaajiri watu wa kuzifanya kutwa nzima. xG ambayo kijana anaisoma bure Jumamosi asubuhi, kampuni iliisoma tangu mechi ya mwisho ilipoisha, na imeshaiingiza ndani ya kote. Ili kupata faida haitoshi kujua zaidi kuliko rafiki wa kartie. Inabidi kujua zaidi kuliko kampuni, na kuizidi kwa kiasi kinachopita mshahara wake.

Kombine: fasi ambapo makuta yanayeyuka

Tiketi inayopendwa zaidi ni kombine: mechi tano, nane, kumi ao zaidi, kote zinazidishwa, franka 500 zinaahidi mamia ya maelfu. Watu wanaona kote zinavyozidishana. Hawaoni kwamba mshahara wa kampuni nao unazidishana.

Kwenye mechi moja, franka 1000 zina thamani ya 920. Kwenye kombine ya mechi tano, zinabaki na thamani ya karibu 660. Kwenye mechi kumi, karibu 430. Kwa maneno mengine, dakika ile tiketi ya mechi kumi inachapishwa, zaidi ya nusu ya makuta imekwenda, na mpira haujaanza kuchezwa.

Uwezekano wenyewe nao unashuka haraka. Chukua ekipe kumi nzuri, kila moja ina nafasi 70 kwa 100 ya kushinda. Zote kumi kushinda pamoja ni chini ya mara 3 kati ya 100. Ndiyo maana kila wiki "mechi moja tu imeniangusha". Haikuwa mkosi. Ilikuwa hesabu.

Kampuni zinapenda kutoa zawadi kwa kombine ndefu: ongezeko la asilimia fulani ukifikisha mechi kadhaa. Mwenye duka hatoi zawadi kwa bidhaa inayomletea hasara.

Somo la Leopards katika Côte d'Ivoire

Kombe la Afrika la 2023, lililochezwa Januari na Februari 2024 katika Côte d'Ivoire, lilifundisha jambo lingine. Leopards walifika nusu fainali na kumaliza nafasi ya ine. Ukiuliza watu wa Lubumbashi, Goma ao Kindu, wengi watakumbuka safari ya ushindi. Lakini tazama mechi moja-moja: 1-1 na Zambia, 1-1 na Morocco, 0-0 na Tanzania, 1-1 na Misri, 3-1 na Guinea, 0-1 na Côte d'Ivoire, 0-0 na Afrika Kusini. Katika mechi saba, ushindi wa kawaida ni mmoja tu. Sare ni tano.

Juu ya Misri, Leopards walipita kwa penalti 8-7, na kipa Lionel Mpasi njo alifunga ya mwisho. Inchi nzima ilisherehekea. Lakini mtu aliyeweka makuta yake kwenye ushindi wa kawaida wa Kongo, ile 1 ao 2 ya tiketi, alipoteza, juu pari hiyo inahesabiwa mwisho wa dakika 90 na zile za nyongeza za majeruhi. Muda wa ziada na penalti ni pari ingine, yenye bei yake: "atapita nani".

Mashindano ya mtoano yana sare nyingi na magoli machache, juu hakuna anayetaka kufanya kosa la kwanza. Mtu anayecheza kwa moyo haweki sare kamwe kwa ekipe yake. Na moyo unagharimu. Katika Lubumbashi, mpenzi wa Mazembe ataweka Mazembe, mpenzi wa Lupopo ataweka Lupopo, hata siku ambayo bei ni mbaya. Kampuni inajua hilo na inaweza kushusha kote ya ekipe inayopendwa.

Wapenzi watajibu kwa kukumbusha mwaka 2010, wakati Mazembe iliifunga Internacional ya Brazil 2-0 katika Abu Dhabi na kuwa ekipe ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Ni kweli, na itasimuliwa hadi kwa wajukuu. Lakini siku nne baadaye, kwenye fainali, Inter ya Milan ilishinda 3-0. Mambo makubwa yanatokea. Hayatokei mara nyingi vya kutosha kulipa tiketi zote zilizowekwa kwa kuyangojea.

Waliotajirika kwa hesabu

Wapo watu waliotajirika kwa pari ya hesabu, na majina yao yanajulikana. Tony Bloom, mwenyekiti wa Brighton tangu 2009, alipata utajiri wake katika pari. Matthew Benham, mwenye Brentford, alianzisha kampuni ya Smartodds mwaka 2004, inayouza hesabu kwa wachezaji wakubwa wa pari. Brighton ilipanda Premier League mwaka 2017, Brentford mwaka 2021, na zote mbili zilitumia hesabu kununua wachezaji ambao wengine hawakuwaona. Yoane Wissa, mshambuliaji wa Leopards, aliingia Brentford mwaka huo wa 2021 kutoka Lorient.

Lakini tazama wanavyofanya kazi. Wana wataalamu wengi wanaolipwa kila mwezi. Wana watu wanaotazama mechi na kuandika kila nafasi. Wanaweka makuta mengi kwenye mechi nyingi ili faida ndogo sana kwa kila moja ijikusanye. Hawachezi kombine ya mechi kumi na mbili kwa matumaini ya kununua gari. Faida yao kwa kila pari ni nyembamba, na wanaweza kupoteza miezi mizima bila kulala njaa. Kitu ambacho kinafanana kati yao na kijana mwenye franka 2000 ni jina la mchezo tu.

Linafoot na daftari

Wengine wanasema: kwa Premier League kampuni inajua kila kitu, lakini kwa Linafoot sisi ndio tunajua. Kuna ukweli ndani yake. Mtu anayekwenda uwanjani Kibasa Maliba ao Kamalondo anaona mambo ambayo mtu wa ofisi ya mbali hayaoni: uwanja umejaa maji, beki anachechemea, ekipe imesafiri safari ndefu na kufika jana usiku.

Kama mtu anapenda kweli hesabu, anaweza kutengeneza zake kwa daftari. Kwa kila mechi anaandika: mashuti ya kila upande, mangapi yalipigwa ndani ya boksi, nafasi za wazi mbele ya kipa, penalti, kadi nyekundu na dakika yake, ekipe ilisafiri kutoka wapi. Kisha kabla ya mechi inayofuata anaandika asilimia zake kwanza, ndipo anafungua kote. Mpangilio huo ni muhimu: aliyeona bei kwanza atajikuta anaifuata bila kujua. Baada ya mechi 50 anaweza kulinganisha: zile alizoziandikia 60 kwa 100, zimeshinda kweli mara 6 kati ya 10? Kama hapana, daftari limemwambia ukweli bila kumlipisha hata franka moja.

Hata hivyo, kampuni inajilinda kwenye ligi ndogo. Kote za huko zina mshahara mkubwa zaidi ndani yake, na kiasi kinachoruhusiwa kuwekwa ni kidogo. Mchezaji anayeshinda mara kwa mara anaweza kupunguziwa zaidi. Ujuzi wa uwanjani una thamani, lakini mlango wa kuuzia ujuzi huo ni mwembamba.

Na kwa mechi za "virtuel", zile zinazochezwa na mashine kila dakika chache, hakuna takwimu inayosaidia. Hakuna uwanja, hakuna majeruhi, hakuna xG. Matokeo yanatolewa na mashine ya kampuni. Daftari la mechi hizo ni karatasi tu.

Bahati inajifanya akili

Kila kartie ina mtu anayesifiwa: "Yule anajua pari." Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini lazima awepo hata kama hakuna anayejua chochote.

Tuseme watu 100 wanacheza kwa kubahatisha kabisa, pari 100 kila mmoja, nafasi nusu kwa nusu, kwa kote 1.84. Wote pamoja watapoteza. Lakini karibu 18 kati yao watamaliza wakiwa na faida, kwa bahati tupu. Hao 18 watasimulia. Wale 82 watanyamaza. Anayesikiliza atafikiri kartie imejaa wajuzi.

Upande mwingine nao ni kweli. Mtu mwenye ujuzi wa kweli, anayeshinda mara 53 kati ya 100 kwa kote 2.00, ana nafasi karibu 24 kwa 100 ya kuwa na hasara baada ya pari 100. Basi mwezi mmoja wa ushindi hauonyeshi akili, na mwezi mmoja wa hasara hauonyeshi ujinga. Tiketi moja iliyoliwa haionyeshi kitu.

Wauza "mechi ya uhakika"

Kutoka hapo wezi wanapata kazi. Kwenye WhatsApp na Telegram kuna watu wanaouza "mechi zilizopangwa" ama utabiri wa uhakika. Njia moja ya zamani inafanya kazi hivi: mtu anatuma ujumbe kwa watu 1600. Nusu anawaambia A atashinda, nusu B. Wiki ya pili anaendelea na wale 800 walioona amesema kweli, anawagawa tena. Baada ya wiki tano, watu 50 wameona utabiri wake ukifaulu mara tano mfululizo. Hao 50 wataamini ni nabii, na watatuma makuta kwa M-Pesa, Airtel Money ama Orange Money wanayoombwa. Yeye hakujua mechi hata moja.

Picha za tiketi zilizoshinda nazo zinatengenezwa kwa simu. Na mtu mwenye mechi ya uhakika kweli, kwa nini auze kwa dola tano? Angecheza mwenyewe na kunyamaza.

Kwa yule anayecheza hata hivyo

Anayetaka kucheza kwa akili ana mambo machache ya kushika.

Gawanya 100 kwa kote kabla ya kuweka chochote. Kama huamini kwamba ekipe itashinda mara nyingi kuliko namba hiyo, acha mechi.

Jumlisha pande zote tatu. Kampuni ama mechi inayotoa 105 ni nafuu kuliko inayotoa 112.

Cheza mechi moja-moja, si kombine ndefu.

Panga kiasi cha mwezi, kama mtu anavyopanga makuta ya bia, na uhesabu kwamba kimekwenda. Kwa kila tiketi usipite sehemu ya hamsini ya kiasi hicho: mwenye franka 50.000 kwa mwezi, franka 1000 kwa tiketi.

Andika kila tiketi, iliyoliwa na iliyoshinda, na ujumlishe mwisho wa mwezi. Watu wengi hawajawahi kufanya jumla hiyo, na wanaoifanya mara nyingi wanashangaa.

Usifukuze hasara. Kuongeza kiasi ili kurudisha ya jana hakubadilishi kote. Kunabadilisha tu ukubwa wa shimo.

Watoto hawana kazi kwenye kioski cha pari. Katika Uganda, sheria ya mwaka 2016 inakataza mtu wa chini ya miaka 25 kucheza. Hapa kwetu pia mzazi anaweza kuweka sheria hiyo nyumbani bila kungoja serkali.

Kuna pia dalili ambazo familia inaweza kuziona mapema: mtu anacheza kwa siri, anakopa kwa ajili ya pari, anauza vitu vya nyumba, anakasirika akiulizwa, analala na simu akingoja mechi za inchi ambazo hazijui hata kwenye ramani. Hapo shida haiko tena kwenye takwimu, na hesabu nzuri zaidi zitamsukuma tu acheze zaidi. Dawa ya kwanza ni mtu mwingine ashike makuta: bibi, mama, ndugu anayeaminika. Ya pili ni kufuta programu kwenye simu. Ya tatu ni kusema wazi kwa mtu, bila aibu: daktari, mchungaji, padri, imamu, rafiki.

xG na daftari vinaweza kumfanya mtu apende mpira zaidi na kuuelewa vizuri, na hiyo ni faida ambayo hakuna kampuni inayoikata. Lakini kama makuta yaliyo mkononi ni ya minervale ya mtoto, ya kodi ya nyumba ama ya unga wa bukari, hakuna hesabu ya kufanya. Hata kote iwe nzuri namna gani, makuta hayo yamekwisha kupangiwa kazi.